Pua za Ukuta wa Mtoni

Ko. Ko. Ko. Kisha, bu.

Lesian akarudia. Aligonga kwa mpini wa mwiko wa kujengea, taratibu, macho ameyafumba kama alivyofundishwa, maana jicho ni jepesi kudanganywa na rangi mpya, lakini sikio halina habari na rangi. Ko, likajibu jiwe la kwanza. Ko, likajibu la pili. Akasogea hatua moja kulia, na ukuta ukasema bu, kama debe lililojaa maji nusu. Hatua nyingine. Bu. Ya tatu. Bu. Ilikuwa saa moja asubuhi na baridi ya Mlima Meru ilikuwa bado imeushika mji mabegani, lakini jasho lilimtoka Lesian mgongoni kama mtu anayekimbizwa.

Akafumbua macho. Mbele yake ulisimama ukuta wa mtoni, mrefu kama wanaume wanne waliopandiana mabegani, mawe meusi yaliyochongwa na watu waliokufa zamani, na juu yake madirisha marefu ya ukumbi wa chakula. Nyuma yake mto Themi ulikuwa umefura, una rangi ya chai ya maziwa, kwa sababu ilikuwa Aprili na mvua ilikuwa imenyesha siku tisa mfululizo. Kuanzia usawa wa kiuno hadi juu ya kichwa chake, ukuta ulikuwa umetoa kitambi. Si kikubwa. Mgeni angepita asikione. Lakini Lesian alikuwa ameushika ukuta ule kwa mwaka mmoja na nusu, jiwe kwa jiwe, na alijua kuwa wiki iliyopita kitambi hicho hakikuwapo.

"Mungu wangu," alisema. "Nimefanya nini?"

Aliuliza tu. Alijua vizuri amefanya nini.

Hoteli iliitwa Ukingo. Ilikuwa maghala matatu ya kahawa ya enzi za Mjerumani na nyumba ya ghorofa ya mfanyabiashara wa kale, yote yameshikana kando ya mto katikati ya jiji, yote yamekaa miaka mingi yakiwa malazi ya popo. Kampuni ilipokuja kuyafufua, watu wa Kaloleni walikuwa wanapita jioni kutazama tu: vitanda vya mninga vinashushwa, masinki ya shaba yanashushwa, bustani inamwagiwa udongo mweusi lori baada ya lori. Ufunguzi ulikuwa Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Kwa kuwa majengo ni ya kale, masharti yalitaka kazi yote ya mawe na chokaa isimamiwe na fundi anayejua chokaa, na fundi huyo atie sahihi kila ukuta unapokwisha. Walitafuta Arusha nzima. Wakampata mmoja, Mzee Philemoni wa Nkoaranga, Mmeru mfupi mwenye mikono iliyopasukapasuka, aliyekuwa ametumia maisha yake kukarabati makanisa ya zamani huko milimani. Mzee akapita kwenye saiti, akatazama vijana wanavyopanga tofali, akamwonyesha Lesian kwa kidole.

"Huyu."

"Huyu ni Mwarusha, mzee," mtu akamtania. "Mwarusha umkabidhi fimbo na ng'ombe. Ukimpa mwiko atachungia."

"Basi atachunga mawe," mzee akasema. "Na yeye akipoteza hata moja ataniambia."

Mzee Philemoni alifundisha kama walivyofundisha mafundi wote wa kale: bila maneno. Kijana hakuuliza kwa nini. Kuuliza kwa nini kulikuwa ni kumpima mzee. Ulisimama, ukatazama mkono wake, ukafanya kama mkono ule. Lesian alitazama vizuri kuliko wote. Kufika mwezi wa tisa alikuwa anazima chokaa kwa maji peke yake, anaonja kwa ulimi kama imelala vya kutosha, na alishaanza kutembea saitini kifua mbele, kofia imelala upande, akijiona yeye na ukuta ni ndugu.

Oktoba kifua cha mzee kikambana. Akapelekwa hospitali, akarudishwa nyumbani, akaambiwa asitoke kitandani. Ukuta wa mtoni ulikuwa umebaki sehemu ya chini tu. Lesian akasimama mbele ya mafundi wote na kutamka, "Mzee apumzike. Huu nitaumaliza mimi."

Hapo ndipo kosa lilipoanza. Walipofyeka majani na kuondoa tope chini ya ukuta, yalijitokeza matundu matano, kila moja ukubwa wa ngumi, na katika moja alikaa panya mnene kama paka. Meneja, Bi Jackline, alipiga kelele. Panya hotelini? Mgeni amelipa kuja kutoka ng'ambo ya dunia akutane na panya? Lesian hakumpigia mzee simu. Angempigia vipi, aulize kwa nini ukuta una matundu, baada ya kusema mbele ya watu kuwa atamaliza yeye? Aliyaziba. Chokaa isingekauka kwenye unyevu ule, kwa hiyo alitumia saruji, akaishindilia kwa kina cha mkono mzima, na kwa nje akapachika vipande vya mawe kwa ustadi ambao hata yeye, kesho yake, ilimbidi atafute yalipokuwa matundu. Watu walimsifu. Akachukua karatasi, akapanda Nkoaranga, akasema, "Mzee, umekwisha kama ulivyotaka." Mzee akatia sahihi akiwa amelala, bila kuuona, kwa sababu alimwamini.

Februari, alipokwenda kumjulia hali, mzee alimuuliza, "Na pua zake umezisafisha?"

"Pua?"

"Matundu matano ya chini. Maji ya bustani yanapita chini ya sakafu ya ukumbi, yanakuja kukaa nyuma ya ukuta. Ukuta unayatoa kwa pua. Ukiwa na mafua unakufa."

Mzee alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamtoa machozi. Na Lesian akasema, "Nimezisafisha, mzee." Mgonjwa hapewi habari mbaya. Ndivyo alivyolelewa kwao Sokon One, ndivyo kila mtu alivyolelewa. Alijiambia ataziba mdomo leo na kuzibua matundu kesho. Kesho ikawa na kazi ya ngazi, kesho kutwa ikawa na kazi ya bwawa la kuogelea, na Machi mvua zikaanza.

Sasa, juu ya madirisha, kwenye kibao cha shaba kinachong'aa, jina la Philemoni lilikuwa limechongwa kwa herufi kubwa kuwa ndiye aliyeurudishia uhai ukuta huu. Lesian alikitazama kibao hicho. Ukuta ukianguka, alifikiri, wataanguka wawili.

*

Injinia Frederick alikuwa kwenye bustani, anabishana na watu wa maua. Alikuwa kijana wa Machame, nadhifu, shati halijawahi kuonja tope. Mafundi walimwita Mangi, yaani chifu wa Kichaga, akiwa mbali.

"Injinia, ukuta wa mtoni umevimba. Tuahirishe."

Frederick alicheka kwanza. Kisha akaona kuwa mwenzake hacheki. "Tuahirishe nini?"

"Ufunguzi."

"Lesian, wageni mia mbili. Waziri. Keki imetoka Moshi iko njiani. Unaniambia niahirishe kwa sababu ukuta umeota tumbo?" Akashuka naye hadi mtoni, akaupapasa ukuta, akaupiga kofi kama mtu anayempongeza ng'ombe. "Umekaa zaidi ya miaka mia. Utakaa hadi Jumapili. Jumapili tutauangalia."

"Kuna maji nyuma yake."

"Maji yametoka wapi? Mzee Philemoni ameweka sahihi kwamba mifereji ya ukuta iko wazi. Iko wazi au haiko wazi?"

Hapo mlango wa kusema kweli ulifunguka. Lesian aliuona ulivyofunguka. Neno moja tu lilitosha. Lakini juu yao, dirishani, dada yake Nanyori alikuwa amechungulia, amevaa sare mpya ya hoteli, kiuno kimefungwa vizuri, anapanga glasi mezani kwa mazoezi. Akampungia kaka yake mkono na kucheka, kwa sababu ni kaka yake aliyemwombea kazi ile, na kwa sababu alijivunia kuwa ukuta aliouegemea ulijengwa na mtu wa kwao.

"Iko wazi," Lesian akasema.

"Basi weka vyungu vya maua hapo mbele, tumbo lisionekane kwenye picha."

*

Lesian alishuka bodaboda njia ya Nkoaranga, pale tope liliposhinda tairi, akapanda njia ya miguu kati ya migomba na mibuni, viatu vikizama. Alikuwa na sababu moja ya kupanda: hakujua jinsi ya kuzibua. Ukuta uliobeba mzigo wa maji haushikwi ovyo. Ukianza tundu lisilo lake, unauangusha mwenyewe. Mtu mmoja tu duniani alijua lipi linaanza.

Anande, binti wa mzee, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kanisani, alimpokea mlangoni na kumzuia kwa kiganja kifuani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Sikiliza kabla hujaingia. Usiku mzima hakulala. Daktari amesema asishtuliwe na chochote. Umenielewa? Mpe habari nzuri, unywe chai, ushuke."

"Ndiyo, dada."

"Suti ameshaipigisha pasi. Anasema Jumamosi mtamletea gari." Akapunguza sauti. "Hatafika, Lesian. Lakini mwache aitazame suti."

Suti ilikuwa imening'inia kwenye msumari juu ya kitanda, nyeusi, ya miaka ya nyuma, imepigwa pasi hadi inameta. Chini yake Mzee Philemoni alikuwa amepungua sana, mto umemmeza kichwa. Macho tu ndiyo hayakuugua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Themi umejaa?"

"Umejaa."

"Na ukuta unapumua?"

Lesian alitazama sakafu. Nyuma yake alimsikia Anande akikoroga chai kwa nguvu kuliko chai inavyohitaji. "Unapumua, mzee. Unapumua vizuri."

"Vizuri," mzee akasema, na akafumba macho kwa raha, na ile raha ndiyo iliyomchoma Lesian kuliko kitu chochote alichowahi kuona. Akanywa chai ikamuunguza. Akaaga. Akatoka.

Mvua ilimkuta kwenye mteremko. Haikuanza kwa matone. Ilishuka yote kwa pamoja kutoka mlimani, na kila kijifereji cha Nkoaranga kikageuka kuwa mto mwekundu unaokimbia kuelekea bondeni. Lesian akasimama. Maji kama haya yanashuka na kule kwetu, alifikiri. Akayaona yakipita mashambani na kwenye mabonde, yakizama kwenye udongo mweusi wa bustani ya Ukingo, yakijipenyeza chini ya sakafu ya ukumbi, yakifika nyuma ya mawe, yakitafuta pua, yakikuta saruji yake. Na upande wa pili wa mawe hayo, Nanyori anapanga glasi.

Aligeuka. Alianguka mara mbili akipanda. Aliingia bila kubisha hodi, maji yakimchuruzika kwenye mkeka wa Anande, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mzee, nimekudanganya."

"Lesian!" Anande alipiga kelele. "Nilikwambia nini mimi?"

"Pua nimeziziba. Zote tano. Kwa saruji. Novemba. Nilidhani ni matundu ya panya. Ulipotia sahihi nilikuwa nimeshaziziba, na Februari nilikudanganya, na sasa hivi nimekudanganya tena. Ukuta umevimba, mzee. Umekuwa na kitambi. Jina lako liko juu yake na umevimba."

Mzee Philemoni alifumba macho. Kifua chake kilipanda, kikakwama, kikashuka kwa mlio. Anande alimshika mkono, akamtazama Lesian kwa macho ambayo mtu hamtazami nayo mbwa. Mvua ilipiga bati. Kisha mzee akanyanyua mkono ule mwingine, mkono uliopasukapasuka, na Lesian akadhani atapigwa, akatamani apigwe.

"Saruji umeishindilia kina gani?" mzee akauliza.

"Mkono mzima."

"Hadi begani?"

"Hadi kwapani."

"Mjinga." Akapumua. "Mjinga mwenye mkono mzuri. Ungekuwa fundi mbaya tusingekuwa na shida, maji yangeisukuma yenyewe." Akapumua tena. "Leo usiuguse, giza litakukuta mtoni. Alfajiri. Kwanza uegemeze mirunda, zile nguzo za miti, kwenye tumbo lake, minene, uipigie kabari. Kisha unaanza pembeni kabisa, kule mto unakokwenda. Halafu pembeni ya pili. Katikati usiguse mpaka nikwambie."

"Utaniambiaje, mzee?"

Mzee akageuza macho kwa binti yake. "Anande ana simu."

*

Ijumaa, kulipopambazuka tu, Lesian alikuwa ndani ya Themi, maji yanampiga mapajani. Mirunda minane ilikuwa imeegemezwa ukutani. Alikuwa ameiburuta peke yake kutoka stoo, mmoja baada ya mwingine, mlinzi akimwuliza kama amepagawa. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni, imefungwa kwenye mrunda kwa kamba, spika imefunguliwa hadi mwisho.

Nanyori alikuwa amemkuta getini akiingia kazini. "Leo msikae upande wa madirisha," Lesian alimwambia.

"Ero, kaka yangu, umekunywa nini asubuhi yote hii?"

"Nanyori. Nitazame."

Alimtazama, na kicheko kikamwisha.

"Umeshapata la kwanza?" ikauliza simu kwa sauti ya mzee, nyembamba, kama inatoka chini ya ardhi.

"Nimelipata." Kulipata ilikuwa kazi kubwa kuliko kulivunja, na alijilaani kwa ule ustadi wake. Alipiga tindo kwa nyundo, vipande vya saruji vikamrukia usoni, kiganja kikachubuka, akaendelea. Ilichukua karibu saa nzima. Mwishowe mtaimbo ulizama, akauvuta, tope likatoka polepole kama dawa ya meno, kisha uzi mwembamba wa maji.

"Linatoa!"

"Rangi gani?"

"Nyeusi. Ya bustani."

"Nenda pembeni ya pili. Usifurahi."

La pili lilitoa kwa hasira. Maji yaliurusha mtaimbo mkononi mwake na kumpiga Lesian kifuani akakaa mtoni. Akainuka anakohoa, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi akahisi kitu kinachofanana na tumaini, na hapo hapo akasikia sauti ya Frederick juu ukingoni.

"Wewe! Wewe mwendawazimu! Unabomoa hoteli?"

Injinia alishuka mbio, viatu vyake vizuri na vyote, hadi maji yakamfika magotini, Bi Jackline akiwa juu amejishika kichwa. Alimkamata Lesian kola. "Nimekwambia Jumapili! Kesho tunafungua, unautoboa ukuta leo?"

"Mtoe kila mtu ukumbini, Injinia."

"Nitakutoa wewe kwanza!"

"Pua niliziziba mimi. Niachie. Nilidanganya. Tazama hayo maji, Mangi, tazama yanavyotoka, yamekaa humo ndani miezi mitano!"

Frederick akatazama. Mtiririko uliotoka kwenye tundu la pili ulikuwa mnene kama paja la mtu, na ulikuwa unaongezeka. Kisha kutoka juu, kutoka katikati ya kitambi, kokoto moja ikaanguka kati yao, ikatumbukia, tupwi. Frederick hakuwa mjinga. Aliachia kola. Rangi ilimtoka usoni, na akapanda ukingo kwa mikono na miguu, akipiga yowe, "Wote nje! Acheni sahani! Wote nje!"

Lakini Nanyori alikuwa ameshawatoa. Walikuwa bustanini, wahudumu zaidi ya thelathini katika sare zao, wamesimama juu ya maua.

"Kuna nini?" simu ikauliza. "Nimesikia kelele."

"Wametoka, mzee. Wote wametoka. Nakwenda la tatu."

"Peleka simu ukutani. Kwenye jiwe. Nisikie."

Lesian akaifungua simu kwenye mrunda, akaibandika kwenye mawe ya kitambi, akasubiri. Yeye mwenyewe hakusikia ila mto. Upande wa pili wa simu, milimani, mzee alikuwa anapumua.

"Mawe yanasagana," mzee akasema mwishoni. "Mwanangu, yanasagana. Toka."

"Bado matatu. Nikifungua la katikati ukuta utapona, nina hakika..."

"Hautapona. Toka."

"Siwezi kuuacha uanguke, mzee! Una jina lako!"

"Nimesema toka! Sikukuomba ruhusa!" Kikohozi kikamkata, kikavuma kwenye spika, kikajaa mto mzima.

Lesian alibaki na nyundo mkononi. Maisha yake yote alikuwa amesimama pale kiburi kilipomwambia asimame. Aliutazama ukuta, akaupiga pigo moja kwenye tundu la tatu, na mrunda wa kwanza ukakatika kama kijiti cha kiberiti. Akageuka. Akajitupa kwenye mkondo, simu ameinua juu kwa mkono mmoja, mto ukamsukuma na kumburuta kwenye mawe ya chini.

Ukuta haukuanguka kwa kishindo alichokitarajia. Kwanza ulikaa chini, kama mtu aliyechoka. Kisha kitambi kikapasuka, maji meusi yakaruka, na madirisha matatu kati ya matano yakashuka pamoja na mawe, pamoja na sakafu, pamoja na meza zilizopangwa kwa ajili ya kesho. Vitambaa vyeupe vya mezani vilienda na Themi, kimoja kimoja, vikipita chini ya daraja. Pembe zote mbili, ambako pua zilikuwa zimefunguliwa, zilibaki zimesimama.

*

Walimvuta nje mita hamsini chini, goti limechanika, mkono wa kushoto hauinuki. Nanyori alimkalisha kwenye nyasi na kumfunga goti kwa aproni yake, akilia na kumtukana kwa Kimaasai, maneno ambayo mama yao angemchapa kwayo. Hakuna aliyekufa. Hakuna mwingine aliyeumia. Watu walikuwa wanahesabiana kwa mara ya tatu.

Bi Jackline alikuwa amesimama juu yake na simu yake sikioni, anamsikiliza mtu wa makao makuu, uso umekauka. Akaufunika mdomo wa simu kwa kiganja. "Wanataka jina. Nani alithibitisha ukuta huu?"

Frederick alikuwa amechuchumaa kando ya Lesian. Suruali yake ilikuwa tope tupu. Alizungumza chini chini, si kwa ubaya, kama kaka mkubwa anayepanga mambo ya nyumbani. "Sikiliza. Sahihi ni ya mzee. Mzee ni mgonjwa, hakuna wa kumfanya kitu, hakuna atakayempeleka mahakamani mtu wa hali ile. Ulichosema mtoni nimekisikia mimi peke yangu. Una miaka ishirini na saba. Nyamaza tu. Usiseme ndiyo, usiseme hapana. Nyamaza."

"Anasema kweli."

Wote wakashtuka. Simu ilikuwa bado mkononi mwa Lesian, mfuko umejaa matone, spika wazi. Ilikuwa imesikia kila kitu.

"Injinia anasema kweli, mwanangu," Mzee Philemoni akasema. Kila neno alilivuta kutoka mbali. "Andikeni mimi. Mimi nimeshamaliza kujenga. Wewe hujaanza. Ukiandikwa wewe, hakuna atakayekupa tena hata choo ujenge. Nani atabaki anajua chokaa? Andikeni mimi, niondoke nayo."

Nyuma ya sauti yake Anande alikuwa analia waziwazi, analiita jina la baba yake.

Bi Jackline akasogea hatua. "Basi ni Philemoni? Niseme Philemoni?"

Lesian alishika bega la Nanyori, akajiinua kwa mguu mmoja. Kiburi chake chote, kile kilichotembea saitini kofia upande, kile kilichoshindwa kuuliza swali moja, kilikuwa bado kimo ndani yake, na sasa akakiita kimsaidie kwa mara moja. Akaileta simu mdomoni. Alisema kwa sauti kubwa, wahudumu bustanini wakasikia, mafundi wakasikia, mtu wa makao makuu akasikia.

"Nisikilize, baba. Leo hii, kabla sijavua nguo hizi, nitaandika kwa mkono wangu kwamba pua tano niliziziba mimi, Lesian, bila kukuuliza, na kwamba nilikudanganya mara tatu ukiwa kitandani. Nitatia sahihi. Kisha nitapanda Nkoaranga hata kama ni kwa kutambaa, nikusomee neno kwa neno mbele ya Anande, ndipo niwapelekee hawa wa hoteli. Polisi wakiniita nitakwenda. Na kama hakuna atakayenipa kazi, nitarudi kuchunga. Lakini jina lako halitaandikwa kwenye kosa hili, wala na Injinia, wala na hoteli, wala na wewe mwenyewe. Nakuahidi, baba. Nakuahidi."